Maranda ya Mashimo Manne

Mzee Rula hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichobaki kwenye kamba ya nanga siku aliyokuwa na haraka. Hakuwa na meno ya nyuma, hakuwa na mtoto wa kiume wa pili, hakuwa na uvumilivu kwa mtu anayesema "kama hivi" huku akitanua mikono badala ya kutaja kipimo. Hakuwa na boti tena, kwa kuwa alikuwa ameiandikisha kwa jina la mwanawe mwaka uliopita. Kwa miaka miwili hakuwa na macho ya kutegemea. Na kwa kadiri alivyojua, hakuwa na mtu wa kumwogopa ndani ya nyumba yake.

Jina la Rula alipewa na wavuvi, kwa sababu ya rula ya chuma iliyokaa mfukoni mwa shati lake siku zote, hata msibani. Alianza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, jioni baada ya kazi, katika darasa la watu wazima wenye viganja vigumu na madaftari ya watoto. Alipofika kwenye desimali alirudi kwenye boti yake akaipima yote upya, akagundua kwamba ubao wake wa nyuma ulikuwa umelalia kulia kwa sentimita mbili tangu siku ulipofungwa. Aliyeufunga alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye bandari nzima ilimwita Fundi.

"Shemeji," Fundi alimjibu siku ile, "samaki hawana rula."

Walicheka pamoja. Walikuwa wamecheka pamoja miaka ishirini na miwili.

Mwaka huu mwanawe aliamua kubadilisha injini. Ya zamani, ya nguvu za farasi ishirini na tano, ilikuwa ikiwaka kwa kubembelezwa. Mpya ilikuwa ya arobaini, yenye mguu mrefu zaidi, na ilizidi ile ya kwanza kwa kilo arobaini na tatu. Breketi, yaani kile kiti cha chuma kinachofungwa nyuma ya boti ili injini ikae juu yake, isingebeba mzigo huo; kutu ilikuwa imeila mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ilibidi ifungwe nyingine pana, na kwa kuwa ni pana, mashimo ya zamani yasingeoana nayo. Ubao wa nyuma ungetobolewa mashimo mapya manne.

Rula aliwatajia mwanawe na Fundi vipimo vyote, vikaandikwa kwenye karatasi moja, kisha akatoa sharti lake la siku zote. Maranda ya kila shimo yawekwe kando, kila shimo na kiberiti chake kitupu, na kila kiberiti kiandikwe: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Maranda yakitoka makavu, mbao ni nzima. Yakitoka meusi na kushikana kama tope, mbao imeoza ndani, na hakuna breketi itakayofungwa hapo mpaka ubao wote ukatwe na kujengwa upya. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe. Mafundi walimtania kwamba anafuga vumbi, lakini walimletea.

Sharti hilo lilikuwa na uzito wake. Chombo kikibadilishiwa injini kubwa, ofisi ya usajili hutaka tamko la mtu aliyesimamia kazi, kwamba ubao wa nyuma ni mzima na utashika. Mkaguzi alikuwa mmoja kwa bandari nne. Alipoona sahihi ya Rula hakuwa akija. "Kama wewe umeangalia," alimwambia wakati mmoja mbele ya watu, "mimi nije kuangalia nini?" Rula alirudi nyumbani siku hiyo kwa njia ndefu, ili akutane na watu wengi.

Tatizo lilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa bado. Mwanawe na Fundi walimletea viberiti vinne mezani. Alivifungua kimoja kimoja, akayasaga maranda kati ya kidole gumba na cha kati, akayanusa. Makavu. Yanakatika vizuri. Fundi alimshikia karatasi ya tamko isiteleze, mwanawe akamwonyesha mstari, akatia sahihi. Boti ikaingia majini na watu watano, mwanawe na wengine wanne wenye wake na watoto, wakaanza kwenda mbali ambako injini ya zamani haikuwahi kuwafikisha.

Wiki sita baadaye akafunguliwa bandeji.

Siku ya nne alikuwa bado anazunguka nyumba yake kama mgeni. Aliona kwamba kuta zimefubaa na mkewe amepungua. Aliingia jikoni, mkewe akaipua sufuria ya maharage na kuitua juu ya kibao kizito, chekundu.

"Hiki nacho kimetoka wapi?"

"Kilibaki kwenye mbao za mlango. Kaka alitaka kukitupa, nikamwambia kitanifaa."

Mlango wa jikoni ulikuwa mpya. Fundi aliufunga wiki ileile aliyofunga breketi. Rula aliutazama, mwekundu vilevile, ukiwa umerandwa vizuri. Kisha akaisogeza sufuria. Kibao kilikuwa na mashimo manne, yamepangwa kwenye mstari mmoja. Akatoa rula. Milimita kumi na mbili. Bolti za breketi zilikuwa za kumi na mbili. Yeye ndiye aliyezitaja.

"Kibao cha kutulia sufuria kinatobolewa mashimo ya nini?"

"Labda alikuwa anajaribu drili."

"Mara nne?"

Mkewe aliendelea kukoroga maharage ambayo hayakuwa tena motoni. Rula alikwenda kwenye droo yake, akaleta viberiti, akavimimina mezani vyote. Maranda yalikuwa mekundu. Ubao wa nyuma wa boti ulikuwa wa mvule, aliuchagua mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, rangi ya asali, na hakuna mvule unaogeuka mwekundu kwa kukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua wamekubaliana jambo. Sikujua ni jambo gani hasa."

"Mama watoto."

Aliweka mwiko chini. "Nilijua," alisema. "Walisema ukiambiwa ukweli utaitoa boti majini, na mwanao atakaa na deni la watu waliomsubiri. Walisema utaumia bure."

Rula alichukua bisibisi, kofia na kile kibao.

Boti ilikuwa imefungwa gatini, imerudi asubuhi, haina mtu. Alishuka polepole, akapiga magoti nyuma, akaiweka rula kati ya breketi na ubao. Upande wa juu breketi ilikuwa imeachana na ubao kwa milimita nne. Kwa macho ya mtu wa kawaida si kitu. Rangi ilikuwa nzuri, nyeupe, haina ufa. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya rangi, chini kulia, akasukuma kwa kiganja. Iliingia puti ya kuzibia matundu, ikaingia mbao, ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa yakafuata maji ya kahawia.

Karakana ya Fundi ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Fundi alikuwa akinoa msumeno. Mwanawe alikuwa ameketi juu ya mbao, na kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, shemeji," Fundi alisema. "Naona sasa unatembea mwenyewe. Tutakukimbilia wapi sisi?"

Rula aliweka kibao juu ya meza ya kazi.

Fundi alikitazama, akamtazama mpwa wake. "Dada alikiomba," alisema taratibu. "Sikufikiria."

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka miwili. Nataka kusikia nikiwa nimesimama."

Mwanawe aliweka kikombe chini. "Tulitoboa shimo la kwanza, likatoka tope. La pili vilevile. Ningekuletea lile tope, ungesemaje?"

"Ningesema ubao ukatwe."

"Miezi miwili nchi kavu. Msimu ndio unaanza, nimeshawaahidi watu wanne. Wewe ukianza kupima kitu, baba, hakiishi. Unakumbuka choo? Tulichimba mara tatu."

"Choo kiko wapi leo?"

"Kipo."

"Kimeinama?"

Fundi aliingilia, akaweka msumeno pembeni kama mtu anayetaka kuongea vizuri. "Nimejaza puti ngumu, ile ya kuchanganya, si hii ya madirishani. Nimeweka bamba pana ndani. Inashika, shemeji. Mimi ndiye niliyeijenga boti ile."

"Imeachia milimita nne kwa wiki sita."

"Usianze."

"Wakiwa huko mbali, bahari ikichafuka, injini ile itang'oka na ubao wake, na maji yataingia kupitia tundu la ukubwa wa mlango. Unajua. Ulijua, na ukanishikia karatasi nitie sahihi."

"Tungempelekea nani?" Fundi alisema. "Mkaguzi angekuja mwenyewe kama si jina lako."

Alilisema haraka, na mara akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Rula alikuwa amelipata jina lake kwa miaka ishirini, jioni baada ya jioni, na hawa wawili walikuwa wamelitumia kama puti.

"Nilipoyanusa," aliuliza, "yale maranda ya mlango wangu. Mlipotoka nje, mlicheka?"

Mwanawe aliangalia chai yake.

"Itoe boti majini leo," Rula alisema.

"Msimu ukiisha. Miezi mitatu tu, baba, nakuahidi, nitaukata ubao wote na utasimamia mwenyewe."

"Na kesho?"

"Kesho alfajiri tunatoka. Nimeshapakia barafu." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayemwombea baba yake asilazimike kuyasikia: "Boti ni yangu sasa. Uliiandikisha mwenyewe kwa jina langu."

Rula alimkuta mvuvi mmoja kati ya wale wanne akishona wavu kivulini mwa stoo, mtu mzima mwenye wajukuu, anayemheshimu. Alimweleza yote, hakuficha hata kosa lake. Mvuvi alisikiliza, sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa.

"Mzee wangu, mimi nilikataa kupanda boti ile na injini mpya. Mke wangu pia alikataa. Mwanao akatuletea karatasi yako, tukaisoma sebuleni, ndipo nikapanda. Leo unaniambia nisipande. Sasa nifuate mdomo wako au sahihi yako?"

"Fuata mdomo."

"Wenzangu watasema umegombana na mwanao juu ya boti." Alirudisha sindano kwenye wavu. "Ninyi mmalizane huko nyumbani. Karatasi ikisema vingine, nitashuka. Wote tutashuka."

Ilikuwa saa saba na nusu. Mwendesha pikipiki anayebeba barua na vifurushi vya ofisi huondoka bandarini saa tisa kamili, na ofisi ya usajili hufungwa saa kumi na moja. Rula alirudi nyumbani, akafuta meza, akatoa karatasi yenye mistari. Mkewe alisimama mlangoni akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Unamwandikia nani?"

"Mkaguzi."

"Watamnyang'anya kaka leseni. Umri wake ule hatapata nyingine."

"Najua."

"Na mwanao watamfungia boti. Ana watoto wawili."

"Wana baba. Nataka waendelee kuwa naye."

"Na wewe je? Nani atakuja tena hapa na karatasi yake?"

"Hakuna," alisema. "Hilo ndilo nililolifikiria kwanza."

Alipomaliza kuandika alimsomea, kwa sababu hakutaka iwepo nyumbani karatasi nyingine ambayo mmoja anaijua na mwingine haijui.

"Kwa Mkaguzi wa Vyombo. Mimi niliyetia sahihi tamko la boti iliyotajwa hapo juu nilitoa tamko lisilo la kweli. Nilisema nimeuangalia ubao wa nyuma. Sikuuangalia, macho yangu yalikuwa hayaoni, na sikukuambia hivyo kwa sababu ya kiburi. Ubao umeoza. Leo nimeingiza bisibisi chini kulia ikazama sentimita tisa. Breketi imeachana na ubao milimita nne juu. Kazi ilifanywa na shemeji yangu, mwenye boti ni mwanangu, na wote wawili walijua kabla ya kuifunga. Ninaondoa sahihi yangu. Boti inatoka kesho alfajiri na watu watano. Naomba izuiwe leo."

Mkewe alikikunja kile kitambaa. "Umeniacha mimi nje," alisema.

"Wewe hukutoboa kitu."

"Nilijua, kama wao."

"Hilo ni langu na lako. Halimhusu mkaguzi."

Mkewe alipotaka kumshika bega, Rula aliusogeza mkono wake, bila hasira, kama mtu anayeondoa kitu kwenye karatasi ili aandike. Alinakili barua yote kwa mkono, maana hakuwahi kupeleka barua bila kubaki na nakala. Akaikunja ile safi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi, akaiwekea vitabu viwili juu mpaka ikashika.

Saa tisa kasoro tano alikuwa kwenye geti la bandari. Mwendesha pikipiki alikuwa akifunga mikanda ya mkoba wake. Kwa mbali, gatini, mwanawe alikuwa akipokea vipande vya barafu kutoka kwa mtu aliye juu, akivipanga chini ya turubai. Aliinua kichwa, akamwona baba yake. Akapunga mkono.

"Mzee Rula," mwendesha pikipiki alisema, "leo nakupelekea nini? Tamko jingine?"

"Barua ya mkaguzi. Mpe mkononi, usiiache mezani."

"Ni ya haraka?"

"Ni ya leo, kabla ya saa kumi na moja."

Akasaini kwenye daftari la mwendesha pikipiki, jina lote, na saa. Mwendesha pikipiki aliitia bahasha ndani ya mkoba, akavuta zipu, akaondoka.