Alama Nilizompa Seth

Mtaani Jericho mume wangu aliitwa Daktari kabla hajaruhusiwa kumpima mtu hata joto. Alisomea udaktari Urusi miaka saba, akarudi mwaka wa tisini na moja na cheti chenye muhuri mkubwa. Bodi ya madaktari ikamwambia cheti ni kizuri, lakini aliyesomea nje hasajiliwi mpaka apite mtihani wa hapa nyumbani. Akaufanya, akaanguka. Akaurudia, akaanguka tena. Barua ya pili ilisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mtu asiniambie Seth alikuwa mjinga. Kichwa alikuwa nacho. Ila alijifunza magonjwa ya watu wa baridi, tena kwa Kirusi, na malaria aliiona kitabuni tu. Kwa hiyo alitafuta fotokopi ya maswali ya majaribio kwa mwenzake aliyesomea India: karatasi sita, kila moja maswali mia, majibu yako nyuma. Akayang'oa yale majibu akanikabidhi mimi, kwa kuwa mimi ni nesi, na akijisahihisha mwenyewe atajionea huruma. Kila Jumamosi alasiri nilimpeleka binti yetu Jacky kwa jirani, Mwongeli, na Seth akakaa mezani masaa matatu bila kuinuka. Akimaliza, mimi nilichukua kalamu nyekundu.

Karatasi ya kwanza alipata hamsini na moja, na alama ya kupita ni sitini; nikamwambia ukweli. Alilala akaelekea ukutani, hakula siku mbili, na Jumamosi iliyofuata hakukaribia meza. Niliogopa sana. Wiki ya tatu alirudi mezani akapata hamsini na nne, nami nikaandika sitini na mbili.

Sitaki kujipamba. Sikukosea hesabu. Nilihesabu vizuri, halafu nikaongeza, swali moja hapa na lingine pale, mahali ambapo jibu lake lilikaribia kuwa sawa. Siku hiyo alikula ugali mpaka akaomba mwingine. Jumamosi iliyofuata nikampa sitini na tisa, na sasa sikujali tena kama jibu limekaribia au liko mbali. Ningerudi nyuma vipi? Mtu hashuki kutoka sitini na tisa hadi hamsini na tano bila kuuliza kulikoni. Mwongeli naye alikuwa akinidaka bombani kila Jumapili, kuuliza Daktari ameshika ngapi jana. Namtajia, na kufikia jioni laini yote ya nyumba zetu inajua. Seth alianza kunyoa ndevu tena na kusalimia watu. Nilikuwa nimeukosa uso ule miaka mitatu, na Mungu anisamehe, niliupenda kuliko ukweli.

Karatasi sita zilipoisha alizirudia. Sasa alama zilipanda zenyewe, maana alianza kukumbuka herufi. Alijua swali la arobaini ni C kabla hajamaliza kulisoma. Alikumbuka kila herufi niliyoitia tiki, za kweli pamoja na zile zangu za uongo. Nililiona hilo nikiwa nimekaa palepale mbele yake. Nikaandika themanini na moja.

Mtihani wenyewe aliufanya Septemba, mwaka wa tisini na nne. Alirudi akasema hakuona hata swali moja la fotokopi. Kule mgonjwa alielezwa kwa maneno mengi, ana hiki na hana kile, na majibu mawili yote yalionekana kufaa. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi, kwa sababu anayepata themanini na moja hawezi kukosa sitini.

Barua ilikuja Novemba. Alipata arobaini na sita.

Hakulia. Alisema wamemwonea, na kwamba kuna mtu amechanganya karatasi yake na ya mwingine. Akakusanya yale majaribio yote isipokuwa lile la hamsini na moja, akayapanga kwenye faili kwa tarehe, ili akawaonyeshe bodi kwamba yamesahihishwa na nesi aliyesajiliwa. Ningeweza kusimama mlangoni nikamzuia. Nilichofanya ni kumwambia aachane nao, atafute kazi ya kuuza dawa kwenye kampuni, na aliponiuliza kwa ukali niko upande gani, nikaenda kumpigia shati pasi. Uoga wangu huo naukumbuka kuliko yote.

Alirudi kutoka kwa bodi saa nane mchana akaweka faili mezani. Alisema daktari mmoja mzee alimpa kiti, akachomoa karatasi moja ya katikati na kuanza kuipitia kwa penseli, bila kuangalia majibu popote. Aliipitia robo saa nzima. Kisha akamwonyesha swali la thelathini na tatu.

Nililijua kabla Seth hajafungua faili. Mtoto wa miezi minane anaharisha siku ya tatu, macho yamezama. Seth alichagua apewe dawa ya kufunga tumbo, na mama aache kumnyonyesha kwanza. Kliniki yangu ni ya watoto. Kila asubuhi niliwafundisha akina mama maji ya chumvi na sukari, na wasiache kunyonyesha, na hata Mwongeli angelijibu swali lile akiwa anafua. Pembeni yake palikuwa na tiki yangu nyekundu.

"Aliniuliza mke wangu ni nesi wa nini," Seth alisema. "Nikamwambia wa watoto. Akafunga faili."

Nilishindwa kumtazama.

"Mama Jacky, hili ulijua si sawa?"

"Nilijua."

"Na mengine?"

"Yote nilijua, Baba Jacky. Niliogopa utaacha kula tena."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru kama angenitukana. Alivuta kiti akakaa, akaweka viganja vyake viwili juu ya meza.

"Hapa ningeanguka hata mara hamsini," alisema taratibu, "na Jumamosi ningekaa tena. Kule kwa bodi nilikuwa nimebakiwa na mara moja tu."