Sentimita Thelathini za Bi Gia

Bi Gia aliendesha malori ya jeshi kwa miaka ishirini na miwili, na sasa alikuwa anaendesha gari lisilotembea. Kila asubuhi baada ya chai alivua ufunguo shingoni, akatoka uani, akaingia kwenye pikapu yake kuukuu na kufunga mlango. Alirekebisha kioo. Alikaa humo mpaka jua limpige usoni, mikono yote miwili kwenye usukani, akiwakaripia kuku waliokatiza mbele yake bila kuangalia kushoto na kulia.

Aliyeleta balaa hilo ni daktari wa macho. Alimpima, akamwambia macho yake hayafai tena barabarani, akaandika karatasi, na leseni ikaishia hapo.

"Watoto watakuwa wanakupeleka, mama," daktari alisema kwa upole.

"Mimi sikuzaliwa abiria," Bi Gia akamjibu.

Na hakuwa anatania. Miezi mitatu ilipita hajapanda gari la mtu. Harusi ya mpwa wake ilimpita. Rafiki yake wa tangu ujana aliugua, akalazwa, akapona, akarudi nyumbani na kunenepa, yote bila kutembelewa. Mahali ambapo Bi Gia hawezi kujipeleka mwenyewe, haendi, na mwenye swali akamuulize daktari.

Jambo hili lilimkaa rohoni mwanawe wa pekee. Huyu alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na watu walimwita Fundi Meno hata msibani. Alikuwa mtu mpole mwenye subira ya kobe, na alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: kwamba mama yake angezeekea humo ndani ya pikapu, ameegeshwa.

Madereva wa jeshi wastaafu walikuwa na mkutano wao, ule wa kila baada ya miaka mitano, katika ukumbi ulioko upande wa pili wa mji. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Bi Gia alishasema haendi. Ndipo Fundi Meno akapata wazo: angemtengenezea mama yake lori lake lile la jeshi, dogo la kuwekwa mapajani, kila kitu kama kilivyokuwa. Akiliona, moyo utamlainika, atapanda gari, watakwenda. Mtu anayeweza kumtengenezea mtu taya zima atashindwaje na lori?

Alianza na picha. Ilikuwa moja tu, nyeusi na nyeupe, iliyotundikwa sebuleni: Bi Gia kijana, kifua mbele, amesimama kwenye majani ubavuni mwa lori. Fundi alihitaji kujua lori lilikuwa na ukubwa gani, na kitu pekee pichani alichojua ukubwa wake kilikuwa mama yake. Kadi ya hospitali ya macho ilisema mita moja na sentimita arobaini na nane. Alikumbuka vizuri, maana siku ile Bi Gia alimwambia nesi apime tena, na nesi alipopima tena, akaambiwa kipimo chao kimesinyaa. Fundi akaongeza sentimita mbili za heshima, maana wazee hupungua. Mita moja na nusu. Pichani mama, kutoka kwenye bereti mpaka chini ya majani, alikuwa sentimita tatu na lori sentimita kumi na mbili, kwa hiyo lori lilikuwa mara nne ya mama: mita sita. Akaamua kulipunguza mara ishirini. Sentimita thelathini kamili. Akafurahi kama mtu aliyegundua dawa.

Kazi ikaanza. Bodi aliichonga kwa nta, akaizungushia plasta, akamimina plastiki ile ile ya waridi anayotengenezea fizi, na lori la jeshi likatoka kwenye plasta likiwa na rangi ya ulimi. Mke wake, aliyekuwa mshonaji, alimkatia turubai kwenye mabaki ya sare za shule. Lakini mke huyohuyo alikuta plasta imehamia jikoni ndani ya kopo la unga, na alikuta baada ya kuoka. Mkate ule bado upo. Unazuia mlango wa nyuma usipigwe na upepo.

Kisha yakaja masuala ya tairi. Fundi alikumbuka kwamba Spana, aliyekuwa makanika wa kikosi cha mama yake, alikuwa na tairi la lori lile uani kwake, amepanda ndani yake nyanya. Akaenda na rula. Spana alikuwa mzee mwembamba, mteja wake pia, mwenye meno ya juu ya Fundi Meno na ya chini ya Mungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yananibana haya."

"Sikuja kwa ajili ya meno. Nimekuja kupima tairi."

Spana alimtazama. "Unampima nani?"

"Tairi, mzee. Namtengenezea mama lori lake."

"Ahaa," Spana akasema, akaanza kucheka peke yake, akawa anacheka hadi mgeni anafunga lango la nje.

Tairi lilikuwa mita moja kwenda juu. Fundi alitengeneza sita za sentimita tano tano, zimekatwa vizuri mpaka mistari, akaziweka nne kwenye kikasha cha meno. Siku iliyofuata mwalimu mmoja mstaafu akafuata meno yake mapya. Alipewa kikasha, akageukia kioo, akakifungua, akatoa tairi moja.

"Fundi," alisema, "haya niyavae au niyatie upepo?"

Mwalimu alipoondoka na meno ya kweli, Fundi akakaa na tairi zake. Hazikuingia. Alizisukuma, alizilaza, alisaga bodi kwa chini, wapi. Lori lilisimama na matairi yamejaa pembeni, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Alipima upya mara tatu. Tairi la Spana lilikuwa la kweli, limejaa udongo na nyanya. Bodi ilikuwa imepimwa kwa mama. Tairi halikui, akawaza, na lori halikui. Aliyebaki ni mmoja.

Aliichukua ile picha akaiweka chini ya lenzi kubwa anayotafutia nyufa za meno. Akapita kwenye bereti, akapita kwenye mkanda, akashuka mpaka kwenye buti. Chini ya buti palikuwa na majani. Na kati ya majani, pembeni kidogo, palikuwa na kona ya ubao yenye msumari. Akapiga hesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia kwenye tairi. Lori halikuwa mita sita, lilikuwa mita saba na ziada. Na mama yake pichani alikuwa mita moja na sentimita themanini.

Sentimita thelathini za urefu ule hazikuwa za mama.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Fundi Meno alikwenda uani, akafungua mlango wa pikapu upande wa abiria, akaketi.

"Mama, pale kwenye picha ulisimama juu ya nini?"

Bi Gia hakugeuka. "Juu ya ardhi ya nchi yangu."

"Ardhi yenye msumari?"

Kuku alipita mbele bila kuangalia upande wowote, na hakukaripiwa.

"Shuka kwenye gari langu," Bi Gia akasema.

"Mama, mimi nataka tu kipimo cha—"

"Nimesema shuka! Na usipige mlango."

Akashuka. Tangu hapo ukawa ugomvi wa baridi. Bi Gia hakumsemesha mwanawe. Alipotaka kitu alimtuma mkwewe. "Mwambie yule mpima watu, chumvi iko karibu yake." Picha ikaondolewa ukutani. Zikabaki siku tisa kabla ya mkutano, na Fundi akaona alichokifanya: alitaka kumtoa mama yake kwenye pikapu, badala yake amemfungia humo na kufuli juu. Alihuzunika kweli, mpaka akamtengenezea mteja mmoja meno yenye sura ya kununa.

Akarudi kwa Spana. Safari hii hakwenda na rula.

"Mzee, niambie. Mama alikuwa mfupi?"

"Mimi nilikula kiapo," Spana akasema. "Sisemi."

"Basi."

"Sisemi," Spana akarudia, akainuka, akaingia stoo, akapekua huko vyuma vikalia, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gunia. Akakiweka mezani. Vilikuwa vipande viwili vya mti, vinene kama matofali madogo, vyenye mikanda ya ngozi ya kufungia. Juu ya kila kimoja palikuwa pamelika, na palipolika palikuwa na umbo la buti. Buti dogo.

Fundi alivigeuza mikononi. Hakuna aliyehitaji kumweleza mtu wa kazi yake kitu cha bandia kikoje.

"Vya klachi na breki?"

"Mimi sijasema neno," Spana akajibu. "Na hayo meno bado yananibana."

Fundi aliyalegeza palepale, akarudi kazini, akavunja lori zima na kuanza upya. Sentimita thelathini na sita. Tairi zikaingia zenyewe kama zimeitwa. Alipaka rangi ya kijani, akafunga turubai, taa za mbele akaweka meno mawili ya mbele yaliyokataliwa na mteja, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Milango aliitia bawaba. Na mle ndani, chini ya usukani, kwenye klachi na breki, alifunga vipande viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, akaviacha na rangi yao ya waridi ili vionekane. Kando ya lori alimsimamisha mama yake wa nta, juu ya kisanduku.

Jumamosi ya mkutano, Bi Gia alikuwa garini kama kawaida. Fundi Meno alikuja amebeba kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha meza, akafungua mlango wa abiria kwa kiwiko, akaketi.

"Nilishakwambia ushuke."

"Nimepanda tena."

Akamwekea mapajani, akavuta kitambaa. Bi Gia alitazama kwa macho yake yale ya ukungu, kisha akaacha kutazama, akatumia vidole. Akapita kwenye boneti. Akapita kwenye vioo vya pembeni, kwenye turubai. Akagusa taa.

"Lori langu halikuwa na meno."

"Ni kwa leo tu, Mama. Nitayang'oa."

Akafungua mlango mdogo, akaingiza kidole cha shahada, akatafuta usukani, akashuka. Kidole kikafika chini kikasimama. Kikarudi, kikagusa tena, kimoja, halafu cha pili.

"Spana amesema?"

"Hajasema neno."

"Yule mtu hujua kunyamaza kwa kelele." Kidole hakikutoka. "Walitaka mita moja na sitini. Mimi nilikuwa na mita moja na nusu, na nywele. Nikazisokota zote chini ya bereti, nikapimwa na buti, nikapita. Siku ya kwanza kazini nikakanyaga klachi, mguu ukakanyaga hewa. Nililia humo ndani, mwanangu. Kesho yake nikakuta vimefungwa. Hakuniuliza, hakucheka. Ameanza kucheka juzi juzi. Na sanduku lile la picha alileta yeye, jitu zima la sanduku, nikatoka mrefu kuliko kamanda."

Fundi alitaka kucheka, akaishia kunyoosha kitambaa cha meza. Alimpenda mama yake wakati ule kuliko alivyojua la kufanya.

"Kumbe hukuwahi kuliendesha peke yako," akasema.

Bi Gia akamgeukia kwa jicho ambalo lilishawahi kusimamisha msafara.

"Sikiliza kwanza, Mama. Mimi kila siku nawatia watu vipande mdomoni. Sijaona hata mmoja aliyekataa nyama eti meno hakuzaliwa nayo. Mlaji ni yeye. Na lori ulikuwa unaendesha wewe, si ule mti. Sasa macho yamekuwa mafupi. Mimi ni kipande tu. Nifunge kwenye klachi, twende."

Kuku wawili walipita mbele ya pikapu, wakageuka, wakapita tena kana kwamba wanamchokoza. Bi Gia hakuwaona. Alikuwa amemshika yule mama wa nta.

"Huyu amesimama juu ya nini?"

"Sanduku. Nimelipunguza mara ishirini."

"Litoe."

"Mama, wenzako wote watakuwepo. Watahesabu."

"Wahesabu. Nimebeba mizigo miaka ishirini na miwili, sikuangusha hata gunia. Wakimaliza kuhesabu hizo sentimita, wahesabu na magunia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na leo watajua cha pili kilikuwa cha nani. Litoe!"

Fundi akatoa koleo la meno mfukoni, akalikamata sanduku, akaling'oa. Halikuuma.

Bi Gia alivaa gauni lake la kijani na bereti. Kwenye gari la mwanawe alikwenda moja kwa moja upande wa usukani, kwa mazoea, akashika kitasa. Akasimama. Kisha akazunguka mbele ya gari, polepole, mkono juu ya boneti, akaingia upande wa pili. Akaomba mto wa kukalia. Lori likawekwa mapajani.

"Umetazama kioo?"

"Nimetazama, Mama."

"Hukutazama. Umekigeuzia shingo tu. Tazama."

Akatazama. Bi Gia akafungua mlango mdogo, akapitisha kidole mpaka kwenye kipande cha waridi, akakikandamiza.

"Klachi," alisema. "Gia ya kwanza."

Fundi Meno akaingiza gia ya kwanza, na Bi Gia akaliondoa gari.