Chuma cha Dhuplekh Kilipotoka Nje

Junkiri Bishwakarma alishuka kwenye gari mbele ya ofisi ya chama cha wafuga nyati cha Dhuplekh, akakung'uta vumbi la njia ya Surkhet kwenye suruali yake, akamwomba dereva amshushie sanduku polepole. Ndani ya sanduku, zikiwa zimelazwa kwenye sponji kama mayai, zilikuwamo moduli mbili za swichi ya mtandao. Zile za zamani ziliungua radi ilipopiga mlingoti. Tangu siku hiyo zahanati haikuweza kuongea na hospitali, shule ilikaa bila mtandao, na tangi la kupoza maziwa, linaloongozwa na swichi hiyohiyo, lilikuwa likipoa na kupata joto lipendavyo, kama mtu mwenye homa ya vipindi.

Mwenyekiti wa chama, mzee Tikaram Upadhyaya, alimpokea kwa viganja vilivyokutana kifuani na kumwagizia chai. Chai ikaja kwenye kikombe cha karatasi. Wengine pale barazani walikuwa wakinywea bilauri za kioo.

"Pole na safari, binti," alisema mzee. "Sasa wewe pumzika hapahapa kivulini. Khemraj atazitia hizo moduli, nawe umwelekeze kupitia dirishani."

"Mlango upo, mwenyekiti. Na miguu ninayo."

"Nani kasema huna miguu?"

"Basi shida iko wapi?"

Mzee Tikaram alijikuna shavu. Sheria ya nchi inakataza kulisema, kwa hiyo hakulisema. "Ndani kuna maziwa," akajibu.

"Yataniogopa?"

"Maziwa hayaogopi. Ila watu... aa, binti, si unajua mwenyewe."

Alijua mwenyewe: ukoo wa wahunzi ulihesabiwa najisi. Babu yake alikuwa mhunzi wa Dhuplekh, na baba wa babu yake vilevile. Kilima kizima hakikuwa na jembe, mundu wala bawaba ambayo haikupita juu ya fuawe ya ukoo wake, na hakikuwa na nyumba ya wenye majembe hayo ambayo mtu wa ukoo huo aliwahi kuvuka kizingiti chake. Mama yake, Mansari, alikuwa bado anaishi bondeni na nyati wawili wenye maziwa mazito, na chama hakikununua maziwa yake hata tone moja. Junkiri alikwenda mjini kusomea mitambo, akapata stashahada, akapata kazi. Jina la Dhuplekh lilipotajwa kazini alisema kabla mwingine hajafungua mdomo: "Huko nakwenda mimi."

"Hebu nieleweshe, mwenyekiti. Hiyo najisi yangu ikipita mlangoni ni balaa. Mbona ikipita dirishani si neno?"

"Dirishani kuna wavu," alisema Khemraj, karani wa chama. Hakuwa anatania.

Khemraj alikuwa kijana mwangalifu na kazi aliiweza. Alivaa mkanda wa kifundo cha mkono unaoondoa umeme wa mwilini, akachomoa moduli iliyoungua, akaifuta nafasi yake, akaishika mpya kwa kingo na kuisukuma kwenye reli zake mpaka kibano kikalia tak. Taa ikawaka manjano. Kisha kibano kikafunguka, moduli ikarudi nyuma taratibu, ikashuka mezani, ikavuka chumba kwa mwendo wa kuku anayetoka jikoni bila kufukuzwa, ikapita kizingiti na kutulia ubavuni mwa kiatu cha Junkiri.

"Imetoka," alisema Khemraj.

"Irudishe," alisema mzee.

Akairudisha, na safari hii akaikaza kwa skrubu pande zote mbili. Skrubu zikatangulia kutoka, zikaisubiri moduli pale chini, zikaondoka nayo. Moduli ya pili haikungoja hata kukazwa.

"Unaziita?" mzee alimuuliza Junkiri.

"Mimi nakunywa chai yako tu."

Zikafuata bawaba za mlango. Zilijing'oa moja moja, na mlango ukaegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Komeo likatoka, misumari ya rafu ikatoka, mizani ya maziwa ikajikokota hadi uani. Kila chuma kilichopita mikononi mwa wahunzi kilishika njia, na ambacho hakikupita kikafuata wenzake. Swichi yenyewe ilifika ukingoni mwa meza tu, maana nyaya za nuru zinazoshuka ukutani ziliishia hapo. Ilibaki ikining'inia nusu, imeelekea mlangoni.

Kutoka nyumba ya jirani mke wa mwenyekiti alipaza sauti. "Tikaram! Jiko langu la chuma limeshuka ngazi! Limesimama katikati ya njia na wali wangu juu yake!"

"Umeiva?"

"Bado!"

"Basi uivishe hapohapo."

Akauivisha hapohapo. Nyumba nyingine nazo zilianza kuwasha moto njiani.

Muuguzi wa zahanati alipanda kilima akihema. Mtoto wa mwalimu alikuwa ameanguka kwenye ngazi za shamba na mguu umepinda vibaya. Daktari wa hospitali alikuwa anangoja picha ili aseme kama wamsafirishe au wamfunge palepale. "Mtandao lini?" aliuliza.

Watu wote wakamtazama Junkiri. Naye akasimama. Kikombe cha karatasi alikiponda kiganjani.

"Nipisheni niingie. Ni kazi ya muda mfupi."

Hakuna aliyepisha. Hakuna aliyemzuia pia. Walisimama tu, wanaume kwa wanawake, kama watu wanaongoja basi.

"Mtoto anaumwa, mzee Tikaram!" alisema Junkiri, na sauti yake ikapanda. "Chuma chenu kimeshasema. Mnataka kiseme kwa lugha gani tena?"

"Tumekisikia," alisema mzee kwa upole. "Nafikiri."

Alifikiri, na alipomaliza akaagiza vitu vyote vitolewe ndani. Vikatolewa viti, makabati, picha ya mungu mke yenye shada lake, madumu ya maziwa, mwishowe tangi lenyewe, ambalo halikuhitaji kusukumwa, na waya wake mrefu ukiburuzwa nyuma. Chumba kilipobaki kitupu, na swichi tu juu ya meza yake, mzee alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Nyumba isiyo na mtu si nyumba," alisema. "Ni kuta. Kuta waweza kuingia."

Junkiri alitamani kumtupia sanduku lake la vifaa. Badala yake alilibeba, akapita katikati yao bila haraka, kupitia mlango wa mbele, kwa viatu vyake. Tangu utotoni alikuwa akidhani sakafu ya ndani mle ina namna yake. Ilikuwa sakafu ya udongo na samadi kama ya mama yake, ila hii ilikuwa na nyufa.

Moduli zilimfuata. Bawaba zikarudi mlangoni, misumari ikarudi ukutani. Aliisukuma swichi mahali pake, akazitia moduli, akakaza. Taa zikawaka manjano, kisha kijani, zikabaki kijani. Huko zahanatini picha ya mguu ilikwenda, na daktari akajibu kwamba wamfunge palepale, atapona.

Junkiri alitoa simu yake. "Mama, panda huku. Njoo na maziwa."

Mansari alipanda na birika lake. Alipofika kizingitini alivua kandambili kwa mazoea, akazitazama, akazivaa tena, akaingia.

Kazi ilipokwisha waliondoka wote wawili. Mzee Tikaram alivua pete yake ya dhahabu, akaichovya majini, akayanyunyiza maji hayo kizingitini, sakafuni na juu ya meza ili kupatakasa. Watu wakaanza kurudisha viti. Hawajakaa vizuri, moduli zikatoka tena na bawaba nyuma yake, zikawakuta Junkiri na mama yake wakiwa bado njiani. Tangi likaanza kupata joto.

Chama kilifanya mkutano palepale uani. Mmoja aliuliza kama haingekuwa rahisi kuacha kunyunyiza. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na kura zote zikasema: mtandao ukae ndani na wahunzi, chama kikae nje.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Ofisi ya chama iko uani, chini ya turubai la bluu. Mansari anashinda ndani karibu na swichi, anachemsha maziwa ya nyati wake ambayo chama bado hakiyanunui. Junkiri huja kila anapopata nafasi, anapuliza vumbi kwenye moduli, analala humohumo.

Mvua za mwezi wa Asar zilipofika, turubai lilitoboka. Junkiri alikuwapo siku hiyo. Aliwaona wanachama wamekaa mstari mmoja na miavuli yao, miguu ikiwa topeni, mzee Tikaram mwishoni akikohoa. Mansari alijaza maziwa ya moto kwenye bilauri ya kioo, akatoka, akamwekea mzee mbele yake. Mzee aliyatazama. Mvua ikaingia bilaurini mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaiinua kwa ncha ya fimbo na kuipindua topeni.

"Mama!" Junkiri alisema mama yake aliporudi ndani. "Usimpe tena. Mwache akohoe."

"Simpi, mwanangu," alisema Mansari, akipangusa mikono. "Namuuliza."

Kesho yake akamuuliza tena.