Wimbo wa Kodi Tatu

Fundi alikuwa na wiki tatu za kumfanya mkewe aseme neno moja, na kwa kazi hiyo alikuwa na gitaa la kuazima lenye ufa ubavuni. Basi, hana kingine. Ungemwuliza angekwambia mambo yanakwenda vizuri, maana mafundi cherehani unawajua, nguo ni tayari hata kabla kitambaa hakijakatwa. Safari hii aliyekuwa akipigwa kalenda ni yeye mwenyewe.

Mkewe alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani, na mtaa mzima walimwita hivyo, Mwimbishaji. Miezi mitano nyuma alikuwa akianika shuka uani, kiharusi kikamwangusha hapo hapo. Upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakamtoka yote. Si kwamba alikuwa haelewi. Ukimwambia inua mkono wa kushoto anainua, ukitania anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini akitaka kusema hutoka "ta, ta, ta," halafu machozi. Mtu aliyekuwa akiimbisha kanisa zima bila kipaza sauti, leo hawezi kuomba maji ya kunywa. Inauma, jamani, acha tu.

Watoto hawakujaliwa. Kutwa Mwimbishaji alikaa kwenye kiti dukani, kati ya pasi na marobota ya vitambaa, mumewe akishona. Siku moja fundi alikuwa kampa mgongo, anampima mteja kiuno, mke akateleza kwenye kiti akaanguka chini kifudifudi. Habari zikamfikia dada mkubwa wa mke, naye hakuchelewa kuja.

"Shemeji, sikulaumu," alisema, amesimama katikati ya duka na mkoba wake begani. "Lakini huyu ni mtu, si sanamu la kuonyeshea magauni. Kwangu kuna watu nyumbani asubuhi mpaka jioni. Nitamchukua."

"Hataki kwenda."

"Umejuaje, na hasemi?"

Fundi alishika chaki, akaiweka, akaishika tena.

"Haya, tusigombane," dada mtu akasema. "Nitarudi Jumamosi ya tatu kuanzia leo. Akisema kwa kinywa chake anataka kukaa, namwacha, wala sitalitaja tena. Asiposema, naondoka naye."

"Atasema," fundi akajibu. Atasemaje, hata yeye hakujua.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka hospitali, aliyekuja mara moja kwa wiki kumnyosha mgonjwa mkono na mguu. Huyo ndiye aliyemtia fundi wazimu, kwa nia njema. Alimwambia kichwani maneno na nyimbo havikai chumba kimoja, na wapo wagonjwa ambao kusema hawawezi lakini kuimba wanaimba. Fundi akajaribu kuimba mwenyewe. Sauti yake, Mungu amsamehe, ni ya kufukuzia kuku. Akajaribu redio, mke akanyoosha mkono wa kushoto akaizima. Ila siku ile kinyozi wa duka la pili, ambaye ndiye mpiga gitaa wa kanisa, alipokuja kumpa pole na gitaa lake mgongoni, akapigapiga kidogo, midomo ya Mwimbishaji ilicheza. Kidogo tu, lakini fundi aliona. Kesho yake alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, na si kwa ajili ya nywele.

"Nifundishe," alisema. "Nina wiki tatu."

Kinyozi akazima mashine. "Wiki tatu? Mimi nimepiga miaka kumi na bado wananiambia punguza makosa."

"Wimbo mmoja tu."

Basi akaazimwa gitaa, akafundishwa, kati ya kichwa kimoja na kingine. Siku ya kwanza nusura waachane. Kinyozi alimwambia, "Wimbo huu tutautoa kwa ufunguo wa C," na fundi akaanza kujipapasa mifukoni. "Ufunguo gani? Mimi ninao wa duka tu." Mteja aliyekuwa na povu kidevuni alicheka mpaka povu likamwingia puani. Ufunguo, akaelezwa, ni pale sauti ya wimbo inapokaa, juu au chini. Na kodi si ile ya nyumba. Kodi ni mkao wa vidole kwenye nyuzi, kila mkao na jina lake. Nyuzi alizijua. Alidhani.

Uzi wa fundi ni pamba, unakatika kwa meno. Hizi ni waya. Siku ya tatu ncha za vidole vyake vya kushoto zilivimba, ya tano zikapasuka, akawa anashona suruali za watu huku ameuma midomo. Aliposogeza kidole kimoja, kingine kilitoka mahali pake. Akibonyeza vizuri anasahau kupiga, akipiga vizuri anasahau kubonyeza, na sauti inayotoka ni ya bati linaloburutwa barabarani. Mkewe kwenye kiti anamtazama. Wakati mwingine alifumba macho, na fundi hakujua kama ni usingizi au ni adabu.

Wimbo alioutaka ulikuwa ule Mwimbishaji alioupenda kuliko zote, unaosema, *Kwako nimekaa, kwako nitakaa, sina pengine pa kwenda.* Ungekuwa mwisho wa maneno, huo. Dada mtu angesikia, angebeba mkoba wake, angekwenda zake. Lakini una kodi ya F ndani yake, na F inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, kinyooke kama rula. Kidole hicho cha fundi sindano ya cherehani ilikipitia zamani, ikatokea upande wa pili, na tangu hapo hakijanyooka. Alijaribu siku nne. Alikifunga kijiti, akakikandamiza kwa goti. Kila akifika pale, nyuzi zinanyamaza, kimya cha ajabu katikati ya wimbo, na mkewe anayeanza kutikisa kichwa anaacha.

"Achana na F," kinyozi akamwambia. "Nikupe wa kodi tatu. G, C, D, unazunguka hapo hapo mpaka mwisho. Naye anaujua, aliuimbisha kila mazishi."

"Unasemaje huo?"

"*Nichukue, Bwana, nichukue, njia ni ndefu, miguu imechoka.* Mwepesi, hata mlevi anaupiga."

Fundi akashukuru, akashika huo. Na hapa usimcheke, maana anayejifunza gitaa hasikii maneno ya wimbo hata kidogo. Anasikia vidole vyake. Kwake ule haukuwa wimbo wa kuchukuliwa popote. Ulikuwa G mara nne, C mara mbili, D, rudi.

Wiki ya pili ikaisha, G na C zimemkubali, D inaleta maringo. Na Mwimbishaji? Midomo inacheza, shingo inanyooka, pumzi inaingia, halafu hakuna. Ni kama mtu anayerukia kamba ya nguo na vidole vinapungua kidogo kuifikia. Fundi alianza kukosa usingizi. Alikuwa akila akiwa amesimama, wateja wakiuliza nguo zao anawaangalia tu. Jumatano ya wiki ya tatu aliweka gitaa chini, akaenda nyuma ya pazia la kupimia nguo, akalia huko na futi shingoni.

Alipotoka alimkuta mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa ameugua na kukonda, ameleta gauni lipunguzwe. Fundi akalipokea. Akaliangalia gauni, akamwangalia mkewe, akabaki mdomo wazi. Huyu akikonda hakuna anayemwambia anenepe kwanza ndipo avae, linapunguzwa gauni. Na sauti ya mkewe, hata ile "ta, ta" yake, tangu augue ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito. Yeye wiki mbili nzima anamvalisha wimbo wa zamani.

Mteja hata hajatoka, fundi kashika gitaa. Akalegeza uzi wa kwanza, kama anavyolegeza uzi wa cherehani, kwa sikio na kwa kidole. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, akizilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kinyozi angekuwapo angepiga kelele. Gitaa likawa na sauti ya chini, ya uvivu. Akapiga G.

"Nichukue," Mwimbishaji akaimba.

Fundi aliacha kupiga kwa mshtuko, naye akaacha. Akapiga tena, na wimbo ukatoka wote, neno kwa neno, *njia ni ndefu, miguu imechoka,* sauti nzito, ya kukwaruza, lakini ni yake. Mke analia, mume analia, mteja analia na gauni lake. Waliimba mpaka kinyozi akaja na mkasi mkononi kuuliza kuna nini.

"Anasema," fundi akamwambia. "Mke wangu anasema."

"Anaimba," kinyozi akasema taratibu.

"Kuimba ni nini kama si kusema? Mtazame macho yake. Kila neno anajua analolisema. Atakayesema anaropoka kama redio nitagombana naye." Akampigia shemeji yake simu muda ule ule. "Njoo Jumamosi, usikie kwa masikio yako. Anaimba, na akiimba ujue ndiyo kusema kwake. Nakuapia."

Jumamosi dada mtu alikuja mchana. Kinyozi alikuwapo, kafunga duka lake kwa ajili hiyo. Fundi kavaa shati alilolipiga pasi mara mbili, Mwimbishaji kasukwa nywele, kakaa wima. Gitaa likapigwa. D ilikosewa mara moja, hakuna aliyejali. Mwimbishaji aliimba beti zote mbili, macho yake kwa dada yake, na dada mtu akaweka mkoba chini, akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono usio na nguvu.

"Mdogo wangu," alisema, machozi yanamtiririka. "Nimekusikia. Sasa niambie mwenyewe. Unataka nini?"

Fundi alikuwa ameshaondoa vidole kwenye nyuzi. Mwimbishaji akavuta pumzi.

"Nichukue," akasema. Kwa sauti ile ile ya wimbo, taratibu, bila gitaa. "Nichukue."

Fundi ndipo aliposikia maneno. Wiki mbili ameyapiga kutwa, na ndiyo mara ya kwanza yanamwingia masikioni.

"Huo ni wimbo, shemeji," akasema. "Ndivyo wimbo unavyosema."

"Nimemuuliza, amenijibu."

"Hajakujibu. Ndiyo maneno pekee yanayotoka. Ningemfundisha wimbo mwingine angesema mengine."

"Uliniapia kwenye simu," dada mtu akasema, wala hakuwa na hasira. "Ulisema akiimba ndiyo kusema kwake. Kila neno anajua. Sasa nishike lipi?"

Fundi akamgeukia kinyozi, kinyozi akaangalia sakafu. Alimwona mkewe akitoka mlangoni, aliliona duka lenye kiti kitupu, akasema lile lililokuwa karibu.

"Hajui anachosema. Haelewi chochote. Anaropoka tu, kama redio."

Alilisema wazi, kwa sauti, mkewe yuko hatua mbili kutoka kwake.

Mwimbishaji aligeuza uso akamtazama. Upande mmoja wa mdomo ulitetemeka. Hakuwa na "ta, ta," hakuwa na wimbo. Alimtazama muda mrefu, mpaka fundi akaanza kusema, "Mke wangu, sivyo, mimi nilikuwa na maana," akashindwa kumaliza. Kisha Mwimbishaji akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akampa dada yake.

Kufungasha hakukuchukua muda. Dada mtu alikunja nguo chache, kinyozi akatafuta gari. Fundi alipiga magoti, akamvisha mkewe kiatu cha kulia, mguu ule usiosikia, akakifunga kamba polepole, akafungua, akafunga tena. Alimwambia samahani. Alimwambia mara nyingi, kwa maneno mazima, hata moja halikumkwama. Mwimbishaji aliinua mguu wa kushoto ili avishwe na huo, macho yake yakiwa mlangoni.