Mbwa Aliyegomea Nyama ya Bucha

Mbwa wa Kipande aliacha kula siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa na jibu la kwa nini hali, na jibu hilo nililitunga mimi.

Kipande alikuwa na bucha. Mimi nilikuwa na meza ya kushona viatu ng'ambo ya barabara, tukitazamana uso kwa uso, mtaro katikati. Jina hilo tulimpa kwa sababu ukimwomba kilo ya nyama, lazima akuchomekee kipande cha mfupa ambacho hukukitaka. Alikuwa mtu wa miraba minne, sauti ya mnadani, mdomo hauna breki. Mimi mguu wangu wa kushoto ulinywea tangu utotoni, na kwa miaka sita kila akifungua bucha alinisalimia kwa kelele, "Fundi! Leo umekuja na miguu mingapi?" Wateja kwenye foleni wanacheka. Na mimi nacheka. Ungefanyaje?

Mbwa wake tulimwita Afande, maana alikaa mlangoni kifua mbele kama askari wa lindo. Alikuwa mwekundu, mnene, manyoya yanang'aa, na hakuna kipande alichorushiwa kikagusa chini. Alikidaka hewani kikapotea.

Jumatatu hiyo alirushiwa koromeo likaanguka katikati ya miguu yake. Akalinusa, akalilamba mara moja, akageuza shingo. Jumanne vilevile. Jumatano mwenye saluni alikuwa kwenye benchi langu akisubiri nimgongee kisigino.

"Mbwa wa watu ana nini?" akauliza. "Mbona hali?"

"Labda anamjua yule ng'ombe," nikasema.

"Anamjua vipi?"

"Anajua alikufaje."

Mama wa watu alicheka mpaka akajishika mbavu. Waliokuwa kwenye kituo cha daladala hapo jirani wakataka kujua anacheka nini, akawaambia, nao wakacheka, wote wakiangalia bucha. Sijawahi kusikia utamu kama ule. Akauchukua mzaha wangu akaenda nao saluni, na unajua saluni. Kesho yake ulinirudia umeota mikono na miguu: Kipande anauza kibudu, ng'ombe waliojifia wenyewe machungani, na shahidi ni mbwa wake mwenyewe. Mimi sikukanusha. Nikatia chumvi.

Foleni ikapungua. Ijumaa, siku ambayo Kipande hakuwa na nafasi hata ya kujikuna, alishinda anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Nyama ilining'inia kwenye kulabu ikageuka rangi. Mkewe, Mama Mapacha, mwanamke mpole aliyekuwa akikaa kwenye mizani, alimpikia Afande maini laini. Akampa mchuzi, akampa maziwa. Mbwa alikuja mbio mkia ukipepea, ute unamchuruzika, akateremsha mdomo kwenye sahani, kisha akaruka nyuma akilia kama aliyeungua. Halafu akakaa chini akajikwaruza shavu kwa mguu wa mbele, akajikwaruza tena.

Niliona. Kwetu tulifuga mbwa, na nilijua hapo hapo kwamba tatizo liko mdomoni, njaa anayo, anashindwa kutafuna.

Mama Mapacha alivuka barabara akaja kwangu. "Fundi, wewe unashinda hapa. Hujaona chochote? Hajala kitu cha sumu? Hajagongwa?"

"Sijaona kitu, shemeji."

"Nataka nimwite daktari wa mifugo, lakini mwenzangu hataki hata kusikia."

Kipande alimsikia akapaza sauti kutoka ndani. "Daktari wa mifugo aje asimame mlangoni pa bucha? Ili waseme nini? Rudi kwenye mizani yako!"

Wiki ya pili Afande alikuwa mifupa iliyovikwa ngozi. Akisimama, nyonga zilitokeza kama pembe za kiti kilichofunikwa shuka. Kipande akamfungia nyuma ya bucha asionekane. Ikawa balaa zaidi, kwa sababu watu wakasema keshakufa, kibudu kimemuua. Jumamosi asubuhi akamtoa tena. Alimburuta kwa kamba mpaka ukingoni mwa barabara, mkono mwingine ameshika pande la steki, nyama ambayo mimi huila mara moja kwa mwaka.

"Njooni!" akaita. "Njooni nyote mnaoongea! Leo mtaona anakula!"

Watu wakaja. Hata waliokuwa na haraka hawakuwa na haraka tena. Mimi nilisogeza kigoda changu nione vizuri.

Akamwekea steki chini. Afande akainusa, akamtazama bwana wake, akatikisa mkia kidogo. Hakula.

"Hata bure hataki!" mtu akasema, na kicheko kikalipuka.

Kipande akapiga goti juu ya mbavu za mbwa. Akaipanua taya kwa mkono mmoja, akasukuma nyama kwa mwingine mpaka kifundo cha mkono kikazama, kisha akaufumba mdomo ule kwa nguvu zake zote. "Meza! Meza, mshenzi wewe!" Mbwa akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine. Mama Mapacha akamvuta mumewe shati, akimwambia, "Baba, mwache, unamuumiza, mwache," akasukumwa akaanguka chini. Watu bado walikuwa wakicheka. Afande akageuza kichwa, akamng'ata Kipande.

Akamng'ata kwelikweli, kiganjani, meno yakapita. Damu na ute vikachanganyika.

"Kichaa!" mtu akapiga yowe. "Ana kichaa, tazameni mate!"

Umati ukatawanyika hatua kumi, ukasimama tena kutazama. Kipande akaingia ndani akatoka na shoka la kupasulia mifupa. Afande hakukimbia. Alikuwa amelala ubavu, anahema. Kipande alimpiga kwa kisogo cha shoka mara moja, ikatosha. Akampiga ya pili, na ya tatu.

Mtu alishapiga simu. Haikuchukua saa moja, daktari wa mifugo akaja na bwana afya. Daktari alikuwa binti mdogo tu, amevaa buti za mpira na glavu mbili mbili. Akauliza mbwa hajala kwa muda gani. Akapiga magoti penye gunia ambalo mtu alimfunika nalo Afande, akafungua mdomo wake kwa uangalifu, kana kwamba bado ungemuuma. Harufu iliyotoka ilitufikia hata sisi.

"Nani ana koleo?" akauliza.

Mimi ndiye mwenye koleo. Nikavuka barabara nikampa.

Akavuta, akatikisa, akavuta tena. Akatoa kipande cha mfupa, urefu wa kidole cha mwisho, kilichokuwa kimekwama kwa kukingama kwenye kaakaa, kutoka magego ya huku mpaka ya kule. Nyama ya kaakaa ilikuwa imeoza kukizunguka. Ncha zake zilikuwa bapa, za kukatwa kwa msumeno wa bucha.

"Huyu alikuwa na njaa tu," akasema. "Kazi ya dakika mbili." Akatutazama mmoja mmoja. "Kweli hakuna aliyemwona akijikwaruza mdomo?"

Macho yake yalipofika kwangu nilitikisa kichwa.

Kipande alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono umefungwa kanga ya mkewe. Daktari akamweleza kwamba kama mbwa angekuwa hai wangemtazama siku kumi na mambo yakaisha. Sasa kichwa kitakatwa kipelekwe maabara, yeye aanze sindano leo hii, na bucha ifungwe mpaka majibu yarudi. Bwana afya akabandika karatasi mlangoni. Kipande alikuwa anautazama ule mfupa kwenye kifuko cha plastiki, midomo inacheza kama mtu anayetafuta jina la mtu.

Majibu yalirudi safi: mbwa hakuwa na kichaa. Lakini nani aliyesoma majibu? Bucha ilifunguliwa siku nne, wateja wakawa watatu. Kiganja kiliingia usaha, vidole viwili vikakauka, na mtu asiyeweza kushika kisu hawezi kukata nyama. Wakahama. Siku ya kufunga mizigo Mama Mapacha alivuka barabara kuniaga.

"Wewe Mungu akulipe, fundi," akaniambia. "Mtaa huu wote walimcheka mume wangu. Wewe tu ndiye uliyenyamaza."

"Safari njema, shemeji," nikasema.

Chumba cha bucha kilikaa kitupu miezi mitano, hakuna aliyekitaka. Mwenye nyumba akanishushia kodi, nikakichukua. Sasa nashona viatu ndani, mvua hainigusi, na jozi zilizokamilika nazitundika kwenye kulabu. Siku za joto ukuta wa nyuma hutoa harufu. Wateja wakiuliza, nawaambia ni ngozi.