Mgeni Aliyekuja na Simu

Froukje Hoekstra alikuwa anamenya viazi simu ilipomwambia achague kivinjari, programu ya kufungulia mtandao. Sheria mpya ya Ulaya, ya kumwachia mwenye simu achague mwenyewe, ilikuwa imeanza kazi. Alitazama dirishani akawaona vivinjari wote wa kuchaguliwa wamejipanga bustanini, wananyeshewa, kila mmoja na begi lake.

Kivinjari wa zamani alikuwa ndani, na sweta lake la kijivu, kwenye kiti cha marehemu mume wake, Hidde. Alikuja na simu bila kualikwa. Ukiuliza lolote, hata saa ya basi, alijibu yeye kwanza. Siku moja Froukje alinong'ona kwamba goti linamuuma. Kabla kahawa haijapoa, wauza dawa za goti walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo cha dirisha.

"Mwache tu, Mama," alisema binti yake, Jildou. "Ameshajua vikombe vilipo."

"Hata panya anajua vikombe vilipo. Mimi nataka nyumba yangu."

Kumtoa alishajaribu mara nyingi, kwa maneno ambayo kila mgeni wa Friesland, kule kaskazini mwa Uholanzi, huyaelewa: "Sisi sasa tunakula." Akisikia hivyo, mgeni huvaa koti. Huyu alikuwa akisogeza kiti mezani.

Froukje alichukua mwavuli, akawapitia wale wa bustanini mmoja mmoja.

"Wewe nikikuambia goti linaniuma, utamwambia nani?"

Wengi walitazama viatu vyao. Mwanamke mmoja mfupi akasema, "Simwambii mtu. Ila mimi ni mzito kidogo."

"Hata mimi sina mbio. Ingia, futa miguu."

Akarudi jikoni na kusimama mbele ya kiti.

"Sisi sasa tunakula."

Safari hii maneno yalikuwa na sheria nyuma yake. Mtu wa sweta akainuka, akavaa koti.

"Una uhakika?" aliuliza mlangoni.

"Ninao."

"Una uhakika kabisa?" aliuliza kwenye ngazi.

"Tangu siku ulipokalia kiti cha Hidde."

Akaenda. Froukje akakalia kile kiti mwenyewe. Mwanamke mfupi aliuliza vijiko viko wapi, akaonyeshwa, akashukuru. Viazi vililiwa vikiwa moto, na hakuna aliyekuja dirishani kuuza kitu.

Baada ya kula, Froukje alitoka kutembea. Mtaani kwao hakuna afungaye pazia, kwa hiyo yote yalionekana. Kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa muuza samaki, mtu wa sweta la kijivu alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, yuleyule, anamiminiwa mchuzi. Kwenye bustani zao wale ambao hawakuchaguliwa walikuwa wanaokota mabegi, waondoke.

Jirani yake, Wietske, alifungua dirisha. "Shoga, umemtoa kweli?"

"Nimemtoa."

"Mimi nilichoka kuwasoma wote. Nikabonyeza ninayemjua."

"Basi mpe chumvi, anaitafuta."

Froukje alitembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, polepole, kichwa juu, kisha akafungua mlango wa nyumba pekee ambayo mtu wa sweta hakuwemo.