Kombe Upande wa Kibla

Kesi ya Bi Mwatum binti Pandu ilikuwa na miaka kumi na moja. Ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la tano, na huenda ingesoma vizuri kuliko baadhi ya waliokuwa wakiiahirisha. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya daftari. Alikuwa nayo kichwani yote: nani alisema nini, siku gani, kavaa shati gani.

Alichokuwa akidai ni mikarafuu thelathini na sita iliyopandwa na marehemu baba yake, Mzee Pandu, kwenye kilima cha ukoo. Ardhi ilikuwa ya wote, haikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa miti. Himid, mtoto wa baba yake mkubwa, alidai miti hiyo ilipandwa na baba yake yeye. Basi kila msimu wachumaji wa Himid walikuwa juu ya matawi, na Mwatum yuko chini njiani, ananusa karafuu za baba yake zikianikwa kwenye majamvi ya mwengine.

Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Mzee Msellem wa Kojani, aliyechimba mashimo ya miche ile bega kwa bega na Mzee Pandu. Na hapo ndipo Himid alipopata pa kushika. Wanaume wa Kojani huenda dago: hupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, miezi mitatu, minne. Himid, fundi wa barua asiyehitaji wakili, aliijua kalenda ya dago kuliko wavuvi wenyewe. Kila akiulizwa tarehe gani inamfaa, alisimama, akainama kidogo, akasema "kwa heshima na taadhima", kisha akataja siku ambayo Kojani wamebaki wanawake, watoto na kuku. Siku ikifika, shahidi hayupo. Kesi inaahirishwa.

Mwaka wa tatu Mwatum aliuliza kwa nini mzee wa watu asihojiwe kwa simu. Ukumbi mzima ulicheka. "Mama, hii mahakama, si kibanda cha simu," aliambiwa. Aliyesema alikuwa na shati la kijani, kifungo cha pili kimekatika.

Kisha ikaja korona. Lile lililokuwa haliwezekani kwa miaka nane likawezekana kwa wiki tatu! Vioo vya kuonana kwa mtandao vikatundikwa ukutani, waya zikapitishwa dirishani, mahabusu wakaanza kusikilizwa wakiwa gerezani. Ilibidi watu wafe ndipo ofisi zikumbuke kwamba simu hufikisha sauti. Barakoa zilipotoka, vioo vikabaki. Na mwaka wa kumi na moja Mwatum alisimama mbele ya hakimu mpya, Bi Khairat, akauliza swali lake lile lile, neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyecheka.

Asubuhi ya kesi kioo kiligawika mara mbili. Upande mmoja alikuwa sheha, kiongozi wa mtaa, amesimama kilimani na simu yake ili hakimu aione hiyo miti. Upande wa pili lilitokea sikio.

"Mzee Msellem, iweke simu mbele ya uso," alisema karani, Hudhaifa.

Likatokea pua. Kisha mzee mzima, kanzu nyeupe, kofia kichwani, na bahari imemfika vifundoni.

"Mbona uko majini?" aliuliza Bi Khairat.

"Mheshimiwa, kambini mtandao hakuna. Uko hapa funguni tu, kwenye tuta la mchanga, nao ni maji yakipwa. Sasa yashaanza kujaa, basi tufanye hima."

Himid alisimama haraka. Alikuwa amelisikia lile neno, kujaa, na Mwatum aliona jinsi macho yake yalivyong'aa.

"Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, shahidi hana msahafu. Wala hatujui kama ana udhu."

"Nimesimama ndani ya bahari, mwanangu," alisema Msellem. "Udhu gani tena wautaka?"

Hata askari wa mlangoni alicheka. Hakimu akamwapisha kwa mkono juu, na Msellem akasema aliyokuja kuyasema: mikarafuu ile aliipanda Mzee Pandu, naye akiwapo. Himid akaomba kumhoji.

Akaanza. Siku ile ilikuwa Jumatatu au Jumanne? Jua kali au mawingu? Majembe yalikuwa ya nani? Mipini ilikuwa ya mti gani? Maji yalipanda magotini, yakaja mapajani. Mwatum alikunja ncha ya buibui lake mpaka vidole vikamuuma. Aliujua mchezo huo. Miaka yote alitumia dago, leo ametumia bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote.

"Mheshimiwa, huyu anangoja mzee azame!" alipiga kelele.

"Kaa chini, Bi Mwatum. Na wewe Himid, fupisha."

"Namalizia, Mheshimiwa. Mzee Msellem, siku hiyo mlikula nini?"

Maji yalikuwa kiunoni, kanzu imetuna kama puto. "Kombe za pwani," alisema Msellem. "Mimi ndiye nliyezileta, kikapu kizima kutoka Kojani. Tukazichemsha pale pale shambani."

"Na maganda mlitupa wapi?" Himid aliuliza bila hata kumtazama, anaangalia saa yake.

"Hatukutupa. Tuliyafukia."

Himid aliinua kichwa.

"Kila mche ganda moja," mzee aliendelea, simu sasa ameinyanyua juu ya kofia, anaonekana utosi tu. "Upande wa kibla, mkono mmoja kutoka shinani, na shimo la kina cha kiwiko. Pandu alisema anataka mti wake ujulikane hata kama yeye hayupo. Mimi nikamcheka. Nikamwambia, yakhe, nani atakuibia mti?"

Sauti iliyosikika ilikuwa ya mawimbi.

"Sheha," alisema Bi Khairat, "una jembe hapo?"

"La kuazima halikosekani, Mheshimiwa."

"Hilo swali nalifuta!" alisema Himid. "Mheshimiwa, kwa heshima na—"

"Swali lako mwenyewe, na umeshajibiwa. Kaa."

Sheha aliiegemeza simu kwenye tawi, akageukia kibla, akapima mkono, akachimba. Likatoka jiwe. Likatoka tena jiwe. Kisha sheha akapiga magoti, akapangusa udongo kwa kidole gumba, akakileta karibu na simu kitu cheupe chenye mifuo, kimejaa kioo kizima. Kombe. Mti wa pili, kombe. Wa tatu, kombe, na hilo sheha alilibusu.

"Jamani, mimi naweza kutoka?" iliuliza sauti ya Msellem. "Yashafika kifuani, na kanzu si yangu, ya imamu wa kambi."

"Toka, mzee wangu, toka," alisema hakimu, huku amejiziba mdomo kwa faili. "Hukumu nitaisoma wiki ijayo."

Mwatum alisimama. Alimtazama hakimu tu, miaka kumi na moja yote usoni.

Bi Khairat aliweka kalamu chini. "Basi leo. Saa nane."

Saa nane ilisomwa: mikarafuu thelathini na sita ni haki ya Mwatum binti Pandu. Himid alikunja karatasi zake, akampita binamu yake bila taadhima yoyote. Mwatum alikwenda mezani kwa Hudhaifa, yalipowekwa yale makombe matatu aliyoyaleta sheha.

"Nipe ya baba yangu niende zangu."

"Haiwezekani, Bi Mwatum. Hivi sasa ni vielelezo, lazima vibaki mahakamani."

"Yabaki," alisema Mwatum, akajitanda buibui lake vizuri. "Ninayo mengine thelathini na matatu, na najua yalipo."